Kabla hujamkabidhi mtu filimbi: jinsi ya kuchunguza na kufunza makocha na wajitolea wa timu za watoto

Msimu ukikaribia, maswali huwa yale yale. Cheti cha polisi kikiwa safi, si imetosha? Mama anayekuja Jumamosi kugawa maji, naye achunguzwe? Kocha mkongwe aliyewafundisha nusu ya viongozi wa klabu walipokuwa wadogo, ataambiwa vipi alete alama za vidole? Mwongozo huu ni wako wewe uliyebebeshwa kazi ya ukatibu au usimamizi wa timu ya watoto, huna wakili wala ofisi, na umebakiwa na wiki chache kabla ya mechi ya kwanza.

Jambo moja tu la nadharia, kisha tuingie kazini. Cheti cha polisi kinakuonyesha waliokwisha kukamatwa. Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, alianza kulalamikiwa na wasichana mwaka 1997. Mashtaka ya kwanza yalifunguliwa Novemba 2016, na Januari 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Katika miaka yote iliyokuwa katikati, mtu angemtafutia cheti kingerudi kisafi. Kilichokosekana ni watu wa kuwasikiliza wasichana wale, na utaratibu wa kulipeleka walilosema mahali panapostahili. Kwa hiyo fanya uchunguzi, tena ufanye kwa makini, lakini nguvu yako kubwa iweke kwenye Hatua ya 6 hadi ya 8.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya watu wazima wote wanaohusika na timu, pamoja na wale wanaosaidia mara mojamoja.
- Mtu mmoja aliyeteuliwa kuwa afisa wa ulinzi wa watoto. Asiwe kocha mkuu, na asiwe mke, mume au ndugu wa kocha mkuu.
- Msaidizi wa afisa huyo, kwa siku ambazo hayupo au yeye ndiye anayelalamikiwa.
- Fomu ya maombi, fomu ya ridhaa ya kuchunguzwa, na kanuni za mwenendo zilizoandikwa.
- Namba za simu za polisi, ustawi wa jamii, kituo cha afya kilicho karibu na uwanja, na simu ya dharura ya watoto kama ipo nchini mwako.
- Kabati lenye kufuli, au faili la kompyuta lenye nywila wanayoijua watu wawili tu.
- Sanduku la huduma ya kwanza lililokaguliwa. Lifungue sasa hivi. Plasta nyingi hukaa humo hadi gundi inakauka.
- Uamuzi wa klabu, ulioandikwa kwenye muhtasari wa kikao, kwamba hakuna anayeanza kazi na watoto kabla ya kumaliza hatua zote.

Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka, na ndicho kitakachokuokoa siku mwenyekiti atakapokupigia simu akitaka rafiki yake aanze kesho.

Hatua ya 1: Panga watu kwa kazi wanayofanya, usiwapange kwa cheo

Chukua orodha yako na uulize maswali matatu kwa kila jina: Je, atakuwa peke yake na watoto wakati wowote? Je, ana mamlaka juu yao, kama ya kuchagua nani acheze, kuadhibu au kutibu? Je, ana namba zao za simu, anwani zao au picha zao? Jibu la "ndiyo" hata kwa swali moja linamwingiza kwenye uchunguzi kamili. Hapo wataingia makocha na wasaidizi wao, meneja wa timu, dereva, mtabibu wa timu, mpiga picha wa klabu, na anayelala na watoto safarini.

Mama wa maji anayesimama pembeni ya uwanja mbele ya watu wote haingii huko, mradi abaki hapo hapo. Atasoma kanuni za mwenendo, atasaini, basi. Akianza kuwapeleka watoto nyumbani kwa gari lake, amehama kundi.

*Kosa la kawaida:* kuwachunguza makocha wapya na kuwaacha wa zamani. Ukiwaacha, utakuwa umewachunguza wale tu ambao bado hakuna mzazi anayewaamini kwa macho yaliyofumbwa.

Hatua ya 2: Jua sheria ya nchi yako inadai nini na inaruhusu nini

Hapa usibahatishe, kwa sababu nchi hazifanani. Uingereza kuna ngazi kadhaa za ukaguzi kupitia idara ya DBS, iliyoanza kazi mwaka 2012, na ngazi ya juu haiombwi na mtu binafsi kivyake. Huombwa na taasisi. Australia kila jimbo lina utaratibu wake wa kibali cha kufanya kazi na watoto. Marekani, sheria iliyosainiwa Februari 2018 inawataka watu wazima wanaohusika na vyama vya michezo vilivyo chini ya mfumo wa Olimpiki kuripoti ndani ya saa 24 pale wanaposhuku mtoto amedhulumiwa. Kwingine utakuta hati moja tu, cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, na mengine yote umeachiwa wewe.

Piga simu mbili: moja kwa shirikisho la mchezo wenu, nyingine kwa ofisi inayoshughulikia ustawi wa watoto. Uliza ni cheti gani kinahitajika, kinadumu muda gani, nani anaruhusiwa kukiona, na kama kuna orodha ya waliofungiwa kufundisha mchezo huo. Swali la orodha ya waliofungiwa usilisahau. Kocha anaweza kufungiwa maisha na shirikisho bila kupita mahakamani, na cheti cha polisi hakitasema lolote kuhusu hilo.

Hatua ya 3: Toa fomu ya maombi, hata kwa mjitolea

"Lakini huyu anatusaidia bure!" Ndiyo, na bado atajaza. Fomu idai:

- majina yote aliyowahi kutumia, pamoja na jina la utani analojulikana nalo uwanjani;
- sehemu alizoishi kwa miaka mitano iliyopita au zaidi;
- klabu, shule na vituo vyote alivyofanya kazi na watoto, na sababu ya kuondoka kila kimoja;
- wadhamini wasiopungua wawili, mmoja wao awe amemwona akifanya kazi na watoto;
- swali la moja kwa moja: umewahi kushtakiwa, kuonywa au kusimamishwa kazi kwa jambo linalohusu mtoto?
- saini ya ridhaa ya kuchunguzwa.

Umuhimu wa majina yote ulionekana Uingereza, katika mji mdogo wa Soham. Ian Huntley aliajiriwa kuwa mtunza majengo wa shule huku akitumia jina la Nixon. Polisi walilikagua jina hilo tu, ilhali tuhuma dhidi yake zilihusu jina la Huntley katika eneo la polisi wengine. Agosti 2002 aliwaua wasichana wawili wa miaka kumi. Tume iliyochunguza suala hilo ilitoa ripoti yake mwaka 2004, na mfumo wa ukaguzi wa nchi nzima ukabadilishwa.

Fomu ikirudi, isome. Usiifungie kwenye faili kabla ya kulinganisha miaka. Pengo la miaka miwili lina maelezo mengi ya kawaida kabisa, kama masomo, ugonjwa au kazi ya mbali, lakini uliza, na uandike alichojibu.

Hatua ya 4: Pata cheti, kisha ukisome vizuri

1. Linganisha jina, picha na tarehe ya kuzaliwa na kitambulisho halisi. Kopi iliyotumwa kwa simu haihesabiki.
2. Angalia tarehe ya kutolewa. Cheti ni picha ya siku moja. Kilichotolewa miaka minne iliyopita hakijui kilichotokea baada ya hapo.
3. Kama cheti kina namba ya uhakiki au msimbo wa kuskani, uhakiki wewe mwenyewe kwenye mfumo wa waliokitoa. Vyeti bandia vipo.
4. Aliyeishi nchi nyingine alete cheti cha huko pia. Kwa mtu aliyewahi kuishi Uingereza, kuna cheti cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto kinachotolewa na ofisi ya ACRO, kilichobuniwa mahsusi kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje ya nchi hiyo.
5. Andika kwenye sajili namba ya cheti, tarehe, na nani amekiona. Kisha mrudishie mwenyewe. Usijirundikie kopi za rekodi za jinai za watu; siku zikivuja, wewe ndiye utakayekuwa na kesi.

Na kikirudi na kosa? Usimfukuze papo hapo, wala usimpitishe kimyakimya kwa sababu mnajuana. Kaeni *kabla* ya kupokea cheti cha kwanza mkubaliane makosa yanayofunga mlango moja kwa moja: yoyote dhidi ya mtoto, ya kingono, ya ukatili mkubwa, ya usafirishaji wa watu. Mengine yanapimwa kwa kazi yenyewe. Kuendesha gari akiwa amelewa miaka kumi iliyopita si lazima kumzuie mtu kufundisha kuogelea, ila basi la watoto hapewi. Mpeni nafasi ya kueleza, na uamuzi utolewe na watu wasiopungua watatu, kwa maandishi.

Hatua ya 5: Piga simu kwa wadhamini, kisha mhoji

Hatua hii haina gharama kubwa, na ndiyo inayofichua mengi kuliko cheti. Bado klabu nyingi huridhika na barua ya udhamini yenye sentensi tatu za sifa.

Usitumie namba aliyoandika mwombaji peke yake. Tafuta namba ya klabu au shule husika kwa njia yako, uombe kuzungumza na kiongozi. Uliza:

- Ulimfahamu kwa kazi gani, na kwa muda gani?
- Alikuwaje akiwa amekasirika na mtoto aliyekosea?
- Kulikuwa na lalamiko lolote, hata dogo, hata lisilothibitishwa?
- Ungemrudisha afanye kazi na watoto leo?

Baada ya swali la mwisho, nyamaza. Mtu asiye na wasiwasi hujibu "ndiyo" haraka. Akisita, au akasema "sina la kusema juu ya hilo", usimjazie maneno, subiri. Klabu nyingi huachana na mtu mwenye matatizo kwa kumshukuru na kumuaga kwa chai, ili kuepuka aibu, naye huhamia klabu inayofuata akiwa na jina zuri. Barry Bennell, kocha wa vijana nchini Uingereza, alipita katika klabu kadhaa za soka kabla ya kufungwa. Mwaka 2018 mahakama ilimpa miaka 31.

Kwenye mahojiano, maswali ya "kwa nini unapenda watoto" hayasaidii, kila mtu ana jibu zuri. Mpe tukio. Mazoezi yamekwisha, watoto wote wamechukuliwa isipokuwa mmoja, mvua inanyesha, na mzazi hapokei simu: utafanya nini? Msichana wa miaka 14 amekutumia ujumbe saa nne usiku kwamba hataki kurudi nyumbani: utamjibuje? Mtu anaweza kukosea jibu na bado akafaa, kwa kuwa atafunzwa. Wa kukutia wasiwasi ni yule anayechukia kuulizwa, au anayejigamba kwamba watoto humwambia siri zao wasizowaambia wazazi.

Hatua ya 6: Weka kanuni za uwanjani, zisainiwe

Sasa tumefika. Anayetaka kumdhuru mtoto mara nyingi hatumii nguvu. Huanza kwa zawadi ndogo, kumpa lifti, mazoezi ya ziada "kwa sababu una kipaji", siri ndogo zisizo na ubaya. Huwazoeza wazazi pia, hadi wakamtetea wao wenyewe. Kanuni nzuri zinamnyima nafasi hizo bila mtu yeyote kulazimika kumtuhumu mwenzake. Andika kurasa mbili, zisizidi, kwa lugha ambayo mtoto wa miaka 11 ataielewa, kwa sababu naye anapaswa kuzisoma.

*Mtu mzima wa pili.* Hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto mmoja mahali pasipoonekana wala pasipoingilika. Mazungumzo ya faragha yafanyike pembeni ya uwanja ambako wengine wanaona ila hawasikii. Mtoto wa mwisho kuchukuliwa anasubiriwa na watu wazima wawili.

*Simu.* Ujumbe wote upite kwenye kundi lenye mzazi au kiongozi wa pili. Mtoto akimwandikia kocha peke yake, kocha anajibu kwa kumwongeza mzazi kwenye mazungumzo. Ujumbe unaojifuta wenyewe ni marufuku kabisa.

*Usafiri.* Kocha hambebi mtoto mmoja peke yake. Ikishindikana, mzazi aandike ridhaa kwa safari hiyo, na dereva amjulishe mtu wa tatu anapoondoka na anapofika.

*Vyumba vya kubadilishia nguo.* Watu wazima hawavui nguo wala kuoga pamoja na watoto. Simu yenye kamera haitolewi mfukoni humo, na kanuni hii inawahusu watoto pia, maana wao kwa wao huumizana sana kwa picha.

*Kugusa.* Michezo mingine haiwezekani bila kugusana. Kocha aseme anachotaka kufanya na kwa nini, aombe ruhusa, afanye mbele ya wengine. Mtabibu hamtibu mtoto bila mtu mzima mwingine chumbani.

*Safari za kulala.* Mtu mzima halali chumba kimoja na watoto, isipokuwa ni mzazi na mwanawe. Ukaguzi wa usiku hufanywa na wawili, mlango ukiwa wazi.

*Adhabu na matusi.* Kumnyima maji, kumkimbiza mtoto hadi atapike, kumtania kwa unene wake mbele ya wenzake: haya nayo ni ukatili, na yaandikwe kwa majina yake. Makocha wengi hulelewa humo na huamini ndiyo ukakamavu.

Wasainishe makocha, wajitolea, wazazi na watoto. Bandika nakala mahali mazoezi yanapofanyika.

Hatua ya 7: Toa mafunzo mawili, usiyachanganye

*La kwanza ni ulinzi wa mtoto:* dalili za mtoto anayedhulumiwa, njia anazotumia mdhulumu, na namna ya kuripoti. FIFA ina kozi za bure mtandaoni chini ya mpango wake wa FIFA Guardians, ulioanza 2019, na mashirikisho mengine yana zao. Cheti cha kozi ya mtandaoni pekee hakitoshi, kwa sababu mtu anaweza kubofya hadi mwisho huku anatazama mpira. Baada ya kozi kaeni saa moja, jadilini matukio matatu ya kwenu. Hapo ndipo utajua nani ameelewa.

*La pili ni usalama wa mwili.* Hili lifunzwe kwa mikono, na mkufunzi wa huduma ya kwanza, kwa kutumia mwanasesere. Yafuatayo yasikose:

Moyo kusimama. Mtoto ameanguka ghafla bila kugongwa, haitiki, na hapumui kawaida. Pumzi za kukoroma, za mojamoja, si kupumua. Watu wengi hupoteza muda hapo. Mmoja apige simu ya dharura, mwingine alete kifaa cha kushtua moyo kama kipo, wa tatu aanze kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha takriban sentimita 5, akiacha kifua kirudi juu kila mara. Aliyefunzwa kutoa pumzi atoe 2 baada ya kila mikandamizo 30 anapokuwa peke yake. Kila dakika inayopita bila mshtuo wa kifaa hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo kila kocha ajue kifaa kilipo na kama mlango wa chumba hicho huwa umefungwa.

Mtikisiko wa ubongo. Si lazima mtoto azimie. Akigongwa kisha akachanganyikiwa, akasahau matokeo ya mechi, akayumba, akatapika au akalalamika kichwa, anatoka na harudi siku hiyo. Harudi hata akisema yuko sawa, hata fainali. Mwaka 2006 mvulana wa miaka 13 katika jimbo la Washington, Marekani, alirudishwa uwanjani baada ya kugonga kichwa na akapata madhara makubwa ya ubongo. Mwaka 2009 jimbo hilo likatunga sheria ya kumtoa mchezaji mara moja na kudai idhini ya maandishi ya mtaalamu wa afya kabla hajarudi. Fuata hivyo hata kama kwenu hakuna sheria. Anaporudi, arudi kwa ngazi: matembezi, kukimbia kidogo, mazoezi bila kugongana, na kadhalika, kila ngazi isipungue saa 24. Kichwa kikizidi kuuma, akisinzia hadi haamshiki kwa urahisi, akipata degedege au mkono ukalegea, hiyo ni dharura ya hospitali.

Joto kali. Mtoto mwenye mwili moto anayeongea maneno yasiyoeleweka anapozwa *kwanza*, kisha anasafirishwa. Mtumbukize kwenye maji baridi hadi shingoni huku mmoja akimshika kichwa. Kama hakuna chombo, mmwagie maji mfululizo na mumpepee. Kumpakia kwenye gari la moto kwenda hospitali ya mbali ni kupoteza dakika zinazohitajika.

Radi. Ukiisikia ngurumo, wote watoke uwanjani waingie kwenye jengo imara au gari lenye paa la chuma. Mti na kibanda cha wachezaji wa akiba si kinga. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho; ikinguruma tena, hesabu inaanza upya.

Pumu, kifafa, kisukari na mzio viandikwe kwenye kadi ya kila mtoto, na kadi ziende uwanjani. Zikibaki ofisini hazina kazi.

Hatua ya 8: Fungua njia ya kuripoti kabla haijahitajika

Tangaza jina na namba ya afisa wa ulinzi wa watoto kwa wazazi na watoto. Tangaza pia namba ya nje ya klabu, kwa wale wasioiamini klabu. Kisha mfunze kila mtu mzima afanye hivi mtoto anapomwambia jambo:

1. Msikilize bila kumkatiza. Uso wako utulie.
2. Usimuahidi siri. Mwambie: "Nitawaambia watu wachache tu wanaoweza kukusaidia."
3. Usimhoji. "Niambie kilichotokea" inatosha. Swali kama "alikugusa hapa?" linaweza kuharibu kesi baadaye.
4. Mwambie kwamba amefanya vizuri kusema na kwamba kosa si lake.
5. Andika maneno yake alivyoyasema, kwa lugha aliyoitumia, pamoja na tarehe na saa. Weka saini.
6. Mjulishe afisa siku hiyo hiyo. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, anza na polisi.

Na kazi ya afisa ni kuripoti kwa mamlaka. Hachunguzi, hamwiti mtuhumiwa amsikilize upande wake, wala hawakutanishi wawili hao "wayamalize". Klabu inaweza kumweka kando kocha wakati mamlaka zinafanya kazi yake, bila kumtangaza kuwa mkosaji.

Hatua ya 9: Tunza sajili

Jedwali moja: jina, kazi, tarehe ya cheti, wadhamini waliopigiwa, kanuni zilizosainiwa, mafunzo yote mawili, tarehe ya kurudia. Kama sheria haikutaja muda, rudia cheti kila miaka miwili au mitatu, na mafunzo ya kukandamiza kifua kila mwaka, kwani mikono husahau upesi. Ipitie kabla ya kila msimu.

Mambo yakikwama

*Cheti kimechelewa na ligi inaanza Jumamosi.* Mwombaji asaidie kazi zisizo na watoto: kupanga ratiba, kuchora mistari, kutunza vifaa. Hata "akisimamiwa" asifundishe. Kwenye siku yenye shughuli nyingi msimamizi huitwa kwingine, na usimamizi unaishia hapo.

*Kocha mkongwe amekataa na amekasirika.* Mwenyekiti aanze kuchunguzwa yeye, hadharani, kisha katibu, kisha wengine kwa mpangilio wa alfabeti. Hasira nyingi huisha hapo. Akiendelea kukataa, hafundishi. Msijadili kama ni mtu mwema. Huenda ni mwema, lakini sharti ni la kazi, halimpimi yeye binafsi.

*Tutabaki bila wajitolea.* Baadhi wataondoka. Punguza makali ya usumbufu, si ya masharti: panga siku moja ya kujaza fomu pamoja, klabu ilipie vyeti, mafunzo yafanyike siku ya mazoezi. Kikundi kilichobakiwa na watu wazima wachache kiwe na timu chache.

*Wajitolea ni vijana wa miaka 16 au 17.* Kwa sheria nyingi hao nao ni watoto. Cheti cha polisi huenda hawapati, ila wadhamini, kanuni na mafunzo wanapata, na hawahesabiwi kuwa mtu mzima wa pili.

*Tumesikia uvumi tu, hakuna aliyelalamika.* Uandike kwa tarehe, umpe afisa. Uvumi mmoja unaweza kuwa chuki. Maandishi matatu kutoka kwa watu wasiojuana, ndani ya miaka miwili, ni jambo jingine, na hutaliona kama kila mmoja ameliweka moyoni.

*Mdhamini amekataa kuzungumza.* Omba mwingine. Wawili wakikataa, simamisha maombi na umwambie mwombaji sababu.

*Anayelalamikiwa ni mwenyekiti, au afisa wa ulinzi mwenyewe.* Nenda kwa msaidizi. Naye akiwa upande wao, nenda moja kwa moja polisi, ustawi wa jamii au shirikisho. Ruhusa ya klabu haihitajiki kuripoti, na kanuni zenu ziseme hivyo kwa maandishi, kwenye ukurasa ule ule uliobandikwa uwanjani.